Y imefanana namba zote 23, je huyu ni mtoto wa marehemu baba au ni wa ukoo tu?

#1 Mwana wa Nansio

Habari zenu wakuu. Naomba mnisikilize maana hili jambo linaninyima usingizi mwezi wa pili sasa.

Mzee wetu alifariki mwaka jana kwetu Ukerewe. Alikuwa mvuvi tangu enzi za makasia mpaka akanunua injini, ameacha mama, sisi watoto watano, nyumba ya Nansio, kiwanja Buhongwa na mitumbwi miwili. Msibani akaja kijana wa miaka 27 hivi kutoka upande wa Sengerema, akajiunga na wachimba kaburi, hakusema kitu. Siku ya tatu ndo akamfuata shangazi akamwambia mama yake kabla hajafa alimtajia baba yake kuwa ni marehemu wetu. Hakudai mtumbwi wala kiwanja, alisema anataka ajue siku yake ikifika atazikwa wapi.

Sura ni ya kwetu kabisa, mama alipomwona alinyamaza muda mrefu. Ila sura siyo ushahidi. Tukapitia kwa wakili, tukatoa sampuli mimi na yeye. Zimerudi karatasi mbili. Ya kwanza ni kromosomu Y, ile mtoto wa kiume anayorithi kwa baba, mistari 23, nimeipitia na kidole mstari kwa mstari: DYS19 mimi 15 yeye 15, DYS390 mimi 21 yeye 21, DYS391 10 kwa 10, DYS392 11 kwa 11, DYS393 13 kwa 13, hivyo hivyo mpaka chini hakuna hata mmoja uliopishana. Ya pili ni ile DNA ya kawaida, wameandika uwiano wa kuwa ndugu wa baba mmoja dhidi ya kutokuwa ndugu kabisa ni 2.4, na chini yake "haitoshi kuhitimisha".

Mdogo wangu anasema imeisha, ni ndugu yetu. Baba mdogo, yaani mdogo wake marehemu, anasema haijaisha, Y ni ya ukoo. Nani yuko sahihi? Na hizi namba wanalinganisha na watu gani?

#2 Sato Mbichi

Pole kwa msiba mkuu. Naweka kiti hapa nijifunze.

#3 Jiwe la Bismarck

Mbona iko wazi. Chukua kila mstari tuseme mtu 1 kati ya 5 ana namba hiyo, zidisha tano 23 zenyewe kwa zenyewe unapata namba inayopita watu wote duniani zaidi ya mara milioni moja. Huyo ni damu yenu, mpeni haki yake, baba mdogo anatetea mitumbwi.

#4 Mwalimu wa Baiolojia

Jiwe hapo umeteleza na ndo kosa ambalo wengi wanalifanya. Kuzidisha kunaruhusiwa kwenye alama za kromosomu zile nyingine, kwa sababu kila kizazi zinachanganywa upya kama karata, ukipata hii haimaanishi lazima upate ile. Y haichanganywi. Inasafiri nzima nzima kama jina la ukoo, babu kampa baba na baba mdogo ileile, baba kakupa wewe na kaka zako ileile, na watoto wa kiume wa baba mdogo wanayo hiyohiyo. Ile mistari 23 siyo mashahidi 23, ni shahidi mmoja mwenye vifungo 23 kwenye shati. Kwa Y wataalamu wanahesabu tu mfuatano wote umeonekana mara ngapi kwenye kanzidata, kuna kubwa ya kimataifa inaitwa YHRD iko Berlin.

Kinachobadilisha ni makosa ya kunakili. Kila namba pale ni idadi ya marudio ya kipande kifupi cha DNA, 21 maana yake kimejirudia mara 21, na mara chache mtoto anazaliwa na 22 au 20. Kwa alama ya kawaida ni kama mara 2 hadi 4 katika uzazi 1,000. Kwa hiyo binamu wawili wa baba kufanana zote 23 ni jambo la kawaida sana.

Halafu niseme na lingine. Hizo tano ulizoandika, 15, 21, 10, 11, 13, ndizo zilizozoeleka kuliko zote kwa wasemaji wa lugha za Kibantu, kuanzia Kameruni mpaka Afrika Kusini. Mimi wa Magu naweza kuwa nazo na hatuna undugu wowote. Mzungu wa Ulaya magharibi mara nyingi utamkuta na 14, 24, 11, 13, 13. Kwa hiyo hizo tano zinakuambia mmetoka kwa Wabantu, halikuwa swali lako.

#5 Jiwe la Bismarck

Nimekuelewa mwalimu, nafuta hesabu yangu. Ya mitumbwi siifuti.

#6 Wakili Nyamagana

Niongeze upande wa sheria. Vinasaba vya binadamu hapa kwetu vina sheria yake, Na. 8 ya mwaka 2009, na mtu binafsi haendi tu Maabara ya Mkemia Mkuu akasema nipimieni mtoto. Ombi linapitia kwa wenye mamlaka, mahakama, polisi, wakili, ustawi wa jamii na wengine. Mleta mada alifuata njia sahihi. Watu wanaokata kucha za watoto usiku na kuzituma nje ya nchi mnajitafutia matatizo, majibu hayo hata yakiwa ya kweli hayatawasaidia mbele ya hakimu.

#7 Nesi Mstaafu

Mwanangu Nansio pole. Mimi nimekaa wodi ya wazazi miaka 31 na nimeona ndoa zinavunjika kwa karatasi. Kuna baba alikuja akitetemeka, yeye grupu O, mtoto kadi imeandikwa AB. Kweli kwa vitabu mzazi wa O hapati mtoto wa AB, isipokuwa kwa hali adimu mno. Alishafungasha nguo za mkewe kwenye mfuko wa salfeti, nikaziona na macho yangu pale kwenye benchi. Nikamwambia tuchukue damu ya mtoto upya. Ikatoka B. Kadi ya kwanza ilikosewa kwenye kituo kimoja cha afya, mtu aliandika akiwa na foleni. Mama alikuwa B. Yule mtoto sasa yuko kidato cha 4.

Kwa hiyo kabla hamjabishana maana ya majibu hakikisheni kwanza sampuli ni za nani.

#8 Dagaa Mkavu

Nesi umenigusa. Sasa swali, grupu la damu lingeweza kumsaidia mleta mada bila gharama zote hizi?

#9 Nesi Mstaafu

Linaweza kukataa, haliwezi kukubali. O na O wakizaa A unajiuliza. Lakini mtoto akiwa O na baba O hujathibitisha chochote, maana O wamejaa mjini. Kabla ya miaka ya 80 mahakama za huko duniani zilikuwa zinategemea hayo hayo.

#10 Mtoto wa Igoma

Samahani kwa kutoka nje kidogo. Nasoma uzi huu nikiwa na kitu kooni. Baba yangu alikuwa ndani ya meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, mimi nilikuwa na miaka 6. Mama alizunguka siku nne anafunua mashuka, maji yalikuwa yameshawabadilisha watu, alikuwa anatafuta shati la mistari ya kijani alilolishona mwenyewe. Hakulipata. Tunaenda makaburi ya Igoma kila mwaka tunasimama tu katikati, hatujui tuelekee kaburi gani. Kipindi kile hakuna aliyekuja kutuchukua pamba ya mate. Ilipozama MV Nyerere kule Ukara Septemba 2018 nilikuwa nawaza hicho tu, kwamba wale watoto angalau wasije wakasimama katikati kama mimi.

Je baada ya miaka yote hii bado inawezekana?

#11 Mwalimu wa Baiolojia

Pole sana ndugu yangu. Nikujibu bila kukupa tumaini la uongo. Nyama inapotea DNA haraka, hasa kwenye maji ya uvuguvugu kama ya ziwa letu, ila jino na mfupa wa paja vinaitunza miaka mingi. Familia ya mfalme wa mwisho wa Urusi waliuawa 1918, mifupa ikafukuliwa 1991, na walitambuliwa kwa DNA ya mitokondria ambayo inapita kwa mama tu, Prince Philip wa Uingereza ndo alitoa damu ya kulinganisha kwa upande wa mke wa mfalme huyo. Kwa hiyo kisayansi siyo ndoto. Ugumu ni kufukua watu mamia waliozikwa pamoja, kutenganisha mfupa huu ni wa nani, na kuwapata ndugu wa kila mmoja wakiwa hai. Mama wa baba yako au dada zake kama wapo, hao ndo wenye mitokondria sawa na yake. Wewe unayo ya mama yako.

#12 Mtoto wa Igoma

Shangazi yupo Muleba. Asante mwalimu.

#13 Binti Bwiru

Mwadila. Nafanya kazi maabara (siyo ya hizi kesi) na nimesoma haya mambo, ngoja nijibu swali la mwisho la mleta mada ambalo wote mmelikwepa, wanalinganisha na watu gani.

Fikiria umeibiwa simu na unachokumbuka ni mwizi alivaa jezi ya Yanga. Kama umeibiwa kanisani Jumapili asubuhi, hiyo ni alama nzito, mshike. Kama umeibiwa nje ya uwanja wa CCM Kirumba siku ya mechi ya Yanga, umeshika hewa. Jezi ni ileile, kilichobadilika ni watu wanaoizunguka. Alama za DNA ni hivyohivyo, kufanana tu hakuna uzito mpaka ujue katika jamii ile alama hiyo ni ya wengi au ya wachache. Ndo maana kila nchi inatakiwa iwe na takwimu za watu wake. Za Watanzania kwa alama 15 zilishachapishwa kwenye jarida mwaka 2008. Ukitumia jedwali la Wazungu kumpima Mkerewe unaweza kudhani amebeba kitu adimu kumbe kisiwani kila nyumba ipo.

Na visiwa vina jambo lake. Watu wakioana humohumo vizazi na vizazi wanafanana kuliko jedwali la taifa linavyosema, kwa hiyo hesabu inapunguzwa makali. Marekani kamati yao ya ushahidi wa DNA ya 1996 ilipendekeza marekebisho ya 0.01 kwa watu wa kawaida na 0.03 kwa jamii ndogo zilizojitenga. Sijui kama karatasi yako wameandika wametumia kipi, angalia chini kwenye maandishi madogo.

#14 Buhongwa Kwetu

Kwa hiyo DNA inaweza kusema huyu Msukuma huyu Mkerewe huyu Mjita? Maana mimi na mke wangu tunabishana kila siku asili yetu.

#15 Binti Bwiru

Hapana mkuu. Mwaka 1972 mtaalamu wa vinasaba Lewontin alikokotoa kwamba tofauti za vinasaba vya binadamu kama asilimia 85 ziko ndani ya jamii ileile moja, yaani wewe na jirani yako wa Buhongwa. Kinachobaki kidogo ndo kinatenganisha makabila na mabara. Tena Afrika ndo yenye tofauti nyingi kuliko kwingine kote, utafiti wa Sarah Tishkoff na wenzake wa 2009 ulipima jamii 121 za Afrika wakapata makundi 14 ya asili, Wahadza wa Eyasi na Wasandawe wa Dodoma wakaonekana na mizizi yao ya peke yao. Lakini Msukuma na Mnyamwezi? Watu waliooana, wakauziana ng'ombe na kuhama pamoja, utawachora mpaka wapi? Na zile alama za DNA wanazotumia polisi zilichaguliwa kutofautisha mtu na mtu, hazikuchaguliwa kutaja kabila.

#16 Mzee wa Kamanga

Hapo sikubaliani sana binti. Sisi wazee tunajua koo. Watawala wa Ukerewe Wasilanga wametoka Ihangiro kule Uhaya, hiyo ni historia, na Y inapita kwa baba. Kwa nini isionekane?

#17 Mwalimu wa Baiolojia

Mzee shikamoo. Ukoo mmoja mmoja unaweza kuonekana, hapo una hoja. Walemba wa Zimbabwe na Afrika Kusini walikuwa wanasema babu zao walitoka Uarabuni na Uyahudi, watu wakawacheka, mwaka 2000 ikachapishwa kwamba Y ya wengi wao kweli ina asili ya huko, na ukoo wao mmoja wa Buba umejaa mfuatano unaopatikana kwa makuhani wa Kiyahudi. Lakini huo ni uzi mmoja wa baba, babu zako wengine wote hauwasemi. Na kama Wasilanga na wenyeji waliowakuta wote ni Wabantu wenye mifuatano inayokaribiana, kazi inakuwa ngumu.

#18 Mzee wa Kamanga

Marahaba. Nimeridhika nusu.

#19 Fundi Nyavu

Mimi sijasoma ila nawashangaa mnavyoing'ang'ania sura. Mzee wangu alikuwa ananionesha furu kabla sangara hajawamaliza, mwingine wa bluu mwingine mwekundu, mmoja mdomo wa kukwangua jiwe mwingine wa kula wenzie. Juzi mjukuu wangu wa chuo ananiambia wale wote vinasaba vyao karibu ni kitu kimoja, aina kama 500 zimetokea humu ziwani ndani ya miaka 15,000 tu tangu ziwa lilipokauka likajaa tena. Sasa kama samaki wasiofanana kabisa ni ndugu, basi na wanaofanana siyo lazima wawe ndugu. Mimi hapa nimeitwa jina la mtu mwingine mwaloni Kirumba mara ngapi.

#20 Mama Pendo

Jamani mbona mnazunguka? Baba mdogo si yupo hai? Kama anasema Y ni ya ukoo, na yeye ni ukoo, aweke pamba mdomoni. Au anaogopa nini?

#21 Sato Mbichi

Mama Pendo umefunga uzi 😂

#22 Mwana wa Nansio

Nimesoma zote wakuu, wabeja sana. Niweke wazi jambo ambalo sikulisema mwanzo. Baba na baba mdogo walivua pamoja upande wa Sengerema kati ya 1995 na 2000, kambi moja, karabai zao zilikuwa zinawashwa pamoja, chakula wakipikiwa na mama mmoja pale mwaloni. Mama wa huyu kijana ndo alikuwa binti wa yule mpishi. Nilipomwomba baba mdogo apime aliweka kikombe cha uji chini taratibu akasema "mimi nina miaka 68, mnataka kunivua nguo?" akatoka. Sijamwuliza tena. Ni mtu aliyenilipia ada ya sekondari, siwezi kumkokota.

Na kuna mzee mwingine, mtoto wa mdogo wa babu yetu, naye alipita kambi ile. Yeye amefariki.

#23 Jiwe la Bismarck

Kwa hiyo watu watatu wenye Y moja walikuwa kambi moja. Aisee.

#24 Binti Bwiru

Sasa hapo ndo uangalie tena ile 2.4, yaani majibu hayo yanategemewa mara 2.4 tu zaidi mkiwa ndugu kuliko mkiwa watu baki. Wameuliza "ndugu wa baba mmoja AU watu baki". Lakini hakuna kwenu anayesema huyu ni mtu baki, baba mdogo mwenyewe amekubali ni ukoo. Swali la kweli ni "mtoto wa marehemu AU mtoto wa mdogo wake", yaani ndugu wa baba mmoja mnaoshirikiana kama robo ya vinasaba, dhidi ya binamu mnaoshirikiana kama sehemu moja ya nane. Kwa watu wawili tu na alama ishirini hivi hizo mbili zinapishana kidogo mno, kwa hiyo hiyo 2.4 haiwezi kuzitenganisha. Kosa siyo la mashine, swali ndo halikuwa lenyewe.

Lakini mpo watano na mama yupo! Mama akitoa sampuli, na ninyi wote watano, kwa kila sehemu unatoa kilichotoka kwa mama, kinachobaki ni cha baba. Baba ana nakala mbili kila sehemu, na kwa watoto watano uwezekano wa nakala zote mbili kuwa zimejitokeza kwenu ni kama asilimia 94. Mnamjenga mzee upya kutoka kwenye miili yenu. Halafu unamweka kijana pembeni: kila sehemu lazima awe na mojawapo ya nakala za mzee. Ikikataa sehemu moja labda ni mabadiliko ya kunakili, zikikataa kadhaa huyo siyo mtoto wake. Na mtoto wa baba mdogo kwa kawaida atakataliwa sehemu kadhaa.

#25 Wakili Nyamagana

Na hii siyo nadharia. Kesi ya kwanza kabisa ya Alec Jeffreys, yule wa Leicester aliyegundua alama za DNA mwaka 1984, ilikuwa hii hii. 1985 kijana aliyezaliwa Uingereza alirudi huko akitokea Ghana, uhamiaji wakasema siyo mtoto wa yule mama, huenda ni mtoto wa dada yake. Baba hakupatikana. Wakampima mama na watoto wake watatu wasio na ubishi, wakapata vya baba kutoka kwa watoto, kijana akaingia sawasawa, akabaki kwa mama yake. Kesi ya jinai ya muuaji Pitchfork ilikuja baada ya hapo, na hata hiyo jambo la kwanza ilichofanya ni kumtoa kijana aliyekuwa ameshakiri mauaji asiyoyafanya.

#26 Dagaa Mkavu

Nimepata baridi mwilini. Yaani kule mama au dada wa mama, huku baba au baba mdogo.

#27 Buhongwa Kwetu

Na dada zake mleta mada je? Nilisikia X ya baba inaenda yote kwa mabinti, si wapimwe na kijana?

#28 Mwalimu wa Baiolojia

Ingekuwa kijana ni msichana ungekuwa umepiga penyewe. Mabinti wa baba mmoja wote wana X yake nzima. Lakini mvulana X yake ameitoa kwa mama yake, kwa baba amepewa Y. Kwa hiyo dada zake wanasaidia kwenye zile alama za kawaida alizoeleza Binti Bwiru, kwa X hapana.

Kuna pia alama za Y zinazobadilika haraka, seti ya 13, zinaweza kutofautisha hata baba na mwanawe zaidi ya mara moja kati ya nne. Ila hapa hazitakuambia kitu kikubwa, maana wewe na yeye mkipishana bado mnaweza kuwa wa baba mmoja.

#29 Mama Pendo

Mimi nabaki pale pale. Yule mzee wa uji anajua.

#30 Nesi Mstaafu

Mama Pendo taratibu, mzee wa miaka 68 kukataa siyo kukiri. Wengine wanaogopa damu, wengine wanaogopa kuchorwa mbele ya watoto. Mwelezeni kwamba ni pamba tu, inasuguliwa shavuni kwa ndani, haitolewi damu.

Nansio, mzee aliwahi kufanyiwa upasuaji wowote?

#31 Mwana wa Nansio

Tezi dume 2016, hapa mjini. Kwa nini mama?

#32 Nesi Mstaafu

Kwa sababu kile kipande wanachokata wanakipeleka kupimwa, kinawekwa kwenye nta, na hospitali nyingi vipande vya nta vinatunzwa miaka. Humo ndani mna mzee mwenyewe. Mwombe wakili aandike barua.

#33 Binti Bwiru

Mama umetoa dhahabu. Tahadhari moja, dawa ya kuhifadhia inakatakata DNA vipande vidogo, sehemu ndefu zinaweza zisisomeke, lakini zile fupi zinatoka. Hiyo ni bora kuliko kufukua kaburi.

#34 Jiwe la Bismarck

Na wakikosea kubandika jina kwenye nta kama ile kadi ya AB? Kumbukeni Ujerumani, polisi walimwinda mwanamke mmoja miaka, DNA yake imekutwa kwenye mauaji na wizi mikoa tofauti, 2009 ikagundulika zile pamba za kuchukulia sampuli zilichafuliwa na mfanyakazi wa kiwandani. Hakuwepo mhalifu.

#35 Wakili Nyamagana

Jiwe leo umeongea. Ndo maana mnafanya vyote viwili, nta na watoto na mama, vikipatana hakuna wa kubisha. Visipopatana mnarudi mezani.

#36 Mzee wa Kamanga

Na kijana mwenyewe amesemaje? Mnampima mtu kama sangara wa mnada, hajaulizwa.

#37 Mwana wa Nansio

Mzee umenikumbusha kuleta mrejesho. Wiki mbili zimepita tangu niandike. Mama amekubali, alisema "kama ni wake nimjue, kama si wake nimjue pia". Dada wa Geita na wa Musoma wanakuja Ijumaa. Barua ya hospitali imepokelewa, wametuambia wanatafuta kwenye stoo.

Kijana nilimpigia nikamweleza yote mpaka habari ya baba mdogo, sikuficha. Alikaa kimya nikadhani simu imekata, halafu akauliza kama baba mdogo bado anaweza kusuka wavu, maana yeye anajua kuvuta tu. Jumamosi akavuka na feri. Wameshinda wawili chini ya mwembe, baba mdogo anamwonesha namna ya kushika sindano, hawakuongea habari ya vipimo. Jioni baba mdogo akaniuliza mimi, ile pamba inakaa mdomoni muda gani.

#38 Nesi Mstaafu

Mwambie hata dakika moja haifiki kila shavu. Asukutue na maji kwanza, asiwe ametoka kula wala kutafuna ugoro.

#39 Mwana wa Nansio

Ugoro ndo kazi ipo hapo mama. Nitamwambia.